Kitufe, Kitufe, Kitufe

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu wote hamjambo. Mimi sikuzoea kusimama mbele za watu, kazi yangu ni ya kukaa. Lakini mmenipa nafasi, basi niseme nilivyoanguka na nilivyoinuliwa.

Ndugu zangu, mimi ni mtengeneza programu. Programu haikai hewani. Inakaa kwenye kompyuta inayowaka muda wote, na kompyuta hizo tunazikodi kwa makampuni ya mbali. Sasa makampuni hayo hayana imani moja. Wapo wanaosema fundi asisumbuliwe: apewe ukurasa mzuri wenye picha na rangi, yeye abonyeze tu. Wengine wanasema fundi aongee na mashine kwa maandishi, ajue kinachoendelea ndani. Mimi nilikuwa wa kubonyeza. Dada mmoja wa Kagera, niliyechangia naye ofisi pale Igoma, alikuwa wa maandishi. Tulibishana mpaka chai inapoa.

"Dada, hayo mambo ya kizamani," nilimwambia. "Taa ikiwa ya kijani, kazi imekwenda. Unataka nini tena?"

"Nataka iniambie kwa maneno," akasema.

Kisha presha ya macho ikanishika. Wengi wenu humu kwenye kikundi chetu cha wasioona mnaijua, sina haja ya kueleza. Daktari aliniambia kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi.

Nikafundishwa kutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Nikapata matumaini. Nikafungua ukurasa wangu niliouzoea, ulikokuwa mfumo wa tiketi za boti ya Nansio, kazi iliyolisha nyumba yangu. Sauti ikasoma: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Waliovitengeneza hawakuvipa majina. Kipi cha kuwasha, kipi cha kufuta kila kitu? Sikuthubutu kugusa. Nawaambieni kweli, siku ile ndipo nilipokuwa kipofu. Kabla ya hapo nilikuwa mgonjwa wa macho tu.

Nikarudi kulala. Mke wangu akileta chakula, nageukia ukutani. Mfumo nikamwachia dada yule, nikamwambia afanye atakavyo, mimi basi.

Asubuhi moja akaja nyumbani Buhongwa, hata salamu hakumaliza.

"Mfumo nimeuhamishia kwangu, kwenye kampuni ya maandishi, umegoma kufunguka. Abiria wamejaa gatini, tiketi hazitoki."

"Mimi sioni, dada."

"Sijakuomba uone! Umeuandika wewe, mimi siujui ndani. Kaa hapa."

Akanivalisha hedifoni. Nikaandika amri ya kwanza. Mashine ikajibu kwa maneno, na sauti ikanisomea mstari kwa mstari, kwamba kuna faili inalitafuta na halipo. Faili lile nililijua, lilisahaulika kule tulikohama. Nikaliandika upya, nikawasha.

"Imefunguka," dada akasema.

Nililia, ndugu zangu. Nilikuwa bado fundi, na mimi nilishajizika.

Siwasemi vibaya wenye vitufe. Vingepewa majina, labda mpaka leo ningekuwa navibonyeza. Nimewaandikia wenye ukurasa ule, hawajajibu, na mimi sijachoka kuwaandikia. Ila nimejifunza hivi: mlango mmoja ukikataa, usiseme nyumba nzima imefungwa mpaka umeizunguka, na usiizunguke peke yako.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyevumilia mgongo wangu. Namshukuru dada yule, ambaye siku ile alinigombeza badala ya kunionea huruma. Nanyi nyote mlionipokea hapa, asanteni sana.

Na wewe mama uliyejitambulisha leo, ukasema macho yamekwisha na cherehani umemwambia jirani aje aichukue. Mwambie asije kwanza. Mimi ushonaji siujui, siwezi kukuahidi kwamba utashona kama zamani. Lakini kesho mchana nitakuja kwako na mwenzetu mmoja anayeshona bila kuona. Tusikukute kitandani, mama. Tukukute umekaa kwenye kiti chako cha kazi.