Georgina Kokushubila na Unga Ulioitwa Chokaa

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 16 Juni 1981, nyumbani Izimbya, marehemu Georgina Kokushubila alifunga mlango wa chumba na kuziba dirisha kwa blanketi. Ebitoke, ndizi za kupika, vilikuwa bado mekoni, na mumewe, Mzee Karugendo, alikuwa na njaa. Aliitwa ndani kusali, kama siku zote.

“Baba Benadetha, unakimbia na sala.”

“Nakimbilia chakula.”

Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho wakiwa wazima wote wawili.

Marehemu alizaliwa Izimbya tarehe 14 Machi 1928. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne. Mwaka 1950 alifunga ndoa na Karugendo, ambaye hakusoma. Kuanzia 1962 aliosha vyombo vya maabara katika sekondari moja ya Bukoba. Huko mwalimu wa sayansi alimwonyesha kuwa magamba ya konokono wa ziwani yakichomwa pamoja na salfa hutoa unga unaokunywa mwanga wa jua na kuutoa gizani.

Aliuchoma unga huo miaka kumi na tisa, katika tanuri la matofali nyuma ya migomba. Alitaka siku moja upakwe kwenye taa na vibao, nyumba isiyo na mafuta ipate mwanga. Saa hawakuwa nayo. Muda wa unga kuwaka gizani ulipimwa kwa idadi ya sala za Baba Yetu, na msalaji alikuwa mumewe. Akiwa na njaa alisali mbio, hesabu ikapanda, unga mbovu ukaonekana mzuri. Mwaka mzima wa 1967 ulipotea hivyo. Marehemu hakumgombeza. Alianza upya.

Mwaka 1976 redio ilihimiza viwanda vidogo vijijini. Aliamini, akapeleka kopo la unga ofisini. Maafisa wa Bukoba walimtuma Muleba, Muleba wakamrudisha Bukoba, akatumwa tena Muleba. Kila mara kopo lilifunguliwa mchana, mbele ya dirisha.

“Hii chokaa, mama.”

“Ndugu, funga madirisha.”

“Ofisi ya umma haifungwi saa za kazi. Unawaka dakika ngapi?”

“Baba Yetu thelathini.”

Walicheka. Safari ya mwisho mumewe alivua koti ili afisa ajifunike kichwa, atazame. “Mnifunike kama maiti?” alisema, akaandika kwenye faili: chokaa. Barua nne hazikujibiwa. Mpaka leo imeandikwa chokaa.

Mchana wa ile Jumanne kikohozi kilimwangusha marehemu. Madaktari hawakusema ni nini. Mumewe anasema ni moshi wa salfa. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 6 Agosti, saa nane mchana.

Ameacha mume, watoto wawili, Benadetha na Mujuni, na wajukuu watano. Kopo la mwisho lipo chumbani. Baada ya mazishi mlango utafungwa. Anayetaka kuona aingie.

Mungu amjalie pumziko, asibishane tena na mtu.

Siku moja kabla ya kufa, mumewe akisali kando ya kitanda, marehemu alimwambia: “Baba Benadetha, safari hii sali polepole.”