Séraphin Kashindi, Aliyeitika Jina Lisilo Lake
(1948–2025)

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, haya ndiyo maisha ya baba yetu kama tunavyoyajua. Mama yetu, Anne-Marie, ametuomba tusiyanyooshe pale yalipopinda, maana yapo ambayo yeye mwenyewe hajayaelewa hadi leo.

Séraphin Kashindi Bulambo alizaliwa tarehe 9 Juni 1948 mjini Uvira, Kivu Kusini, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Bulambo, mshona viatu. Mwaka 1955 aliingia shule ya wamisionari. Kwa kuwa aliweza kusoma saa kwa kivuli cha mlingoti wa bendera, mwalimu alimkabidhi kengele. Siku moja mawingu yalitanda, kivuli kikapotea, naye hakupiga. Masomo yaliendelea mpaka wazazi walipokuja kuuliza watoto wao wako wapi. Mwaka 1968 alihitimu ufundi wa umeme huko Bukavu, na mwaka 1970 akaajiriwa katika kiwanda cha sukari cha Kiliba.

Alimfahamu Anne-Marie Nabintu alipoitwa kwao kutengeneza taa. Taa iliharibika mara moja. Fundi alikuja mara tatu. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974, wakajaliwa watoto wawili, Gires na Miradie.

Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na mwezi Oktoba 2001 wakafika London. Waliishi Hounslow, na marehemu alifanya usafi katika uwanja wa ndege hadi alipostaafu mwaka 2014.

Mwezi Mei 2016 halmashauri iliwapa nyumba katika jumba la wazee la Marchbank, kusini-mashariki ya London. Waliposhuka na masanduku yao, walikuta ubao wa matangazo umejaa Kichina kuanzia juu mpaka chini. Mama akamwambia mumewe, “Baba Gires, tumeletwa kwa watu wengine. Turudi kwenye gari.”

Meneja wa jumba, Bi Poonam, aliwaeleza kwamba hawakupotea. Jumba lilikuwa limetengwa kwa wazee wa Kichina, na nyumba inayobaki wazi hupewa yeyote mwenye shida. Kati ya nyumba thelathini na mbili, ishirini na tisa zilikaliwa na watu wa Hong Kong na Guangdong.

Mambo madogo ya kila siku yaliwachanganya. Majirani waliwasemesha kwa swali, na Mama, kwa kuwa hakuelewa, alitikisa kichwa kwa adabu. Jioni alishangaa kuletewa kibakuli cha uji wa mchele. Kesho yake swali, kichwa, kibakuli. Ilipita miezi mitatu kabla ya Bi Poonam kumwambia kwamba swali lenyewe lilikuwa “Umeshakula?” na kichwa chake kilikuwa kikijibu “Bado.” Wakati huo Mama alikuwa amekwisha kuwarudishia vibakuli vikiwa na sambaza, dagaa wa kwao, maana chombo hakirudi kitupu, na hakuna aliyejua tena jinsi ya kuacha. Bustanini marehemu alikuta lengalenga, yaani mchicha, zimeota vizuri kuliko za Uvira. Akazichuma, akidhani zimejiotea. Zilikuwa za mzee wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa akimtazama dirishani.

Mwaka 2018 bibi wa ghorofa ya tatu, Bi Kwok Suk-Fong, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, alimshika marehemu mkono ndani ya lifti akamwita “A-Wing.” Marehemu akaitika.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Bi Kwok aligonga mlango wao. Marehemu alivaa koti, wakaenda kuketi katika sebule ya pamoja. Bibi aliongea Kikantoni, naye alimjibu kwa Kiswahili, saa nzima. Mama hakupenda.

“Wewe ni A-Wing?” alimuuliza.

“Hapana.”

“Sasa mbona unaitika?”

“Ananiita mimi.”

“Anamwita mtu mwingine, Baba Gires.”

“Labda. Lakini mtu huyo haji.” Kisha akaongeza, “Mwaka sabini na mbili serikali ilikataza majina ya Kizungu, ikanifutia Séraphin, nikaitika Kashindi. Uwanja wa ndege waliniita Serge, nikaitika. Bibi huyu amenikosea nini?”

Mama hakuridhika. Alimngoja Eddie, mwana wa Bi Kwok, ambaye huja Jumapili, akamuuliza A-Wing ni nani.

“Sijui, Mama,” Eddie alimjibu. “Baba yangu aliitwa Ming. Nimewauliza shangazi zangu Hong Kong. Hakuna anayemjua A-Wing.”

Mama alirudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. A-Wing alikuwa kaka wa bibi? Mchumba? Mtoto? Alijikuta akimwonea wivu mwanamke wa miaka themanini na minne, na papo hapo akimwonea huruma, wala hakujua aanze na lipi.

Mwezi Septemba 2021 madaktari waligundua kwamba marehemu naye ana ugonjwa wa kusahau. Kiingereza kilimtoka kwanza, kisha Kifaransa. Alasiri moja ya Novemba 2023 alisimama kwenye ujia wa ghorofa yao asijue mlango wake ni upi. Mama akamwita, “Baba Gires.” Hakugeuka. Akamwita, “Séraphin.” Hakugeuka. Mama akatazama huku na huku kama mwizi, halafu akasema, “A-Wing.”

Marehemu akainua kichwa, akamfuata ndani, akala chakula chake chote. Mama aliingia bafuni akafungulia maji ili asisikike analia.

Kwa miezi kumi na mitano alimwita mumewe jina hilo. Alimuuliza padri kama ni dhambi. Padri alisema hajui, ila aendelee.

Mwishoni mwa Januari mwaka huu marehemu alipatwa na homa ya mapafu. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Mama anasema alimwita kwa majina yote aliyoyajua, na hakuweza kutambua ni lipi lililomfikia.

Sisi watoto tunataka Mama ahamie mtaa wa Thamesmead, karibu na kanisa na watu wa kwao. Amekataa. Ukimuuliza sababu, hujibu, “Bado sijui.”

Marehemu ameacha mjane, Anne-Marie, watoto wawili, Gires na Miradie, wajukuu watano, na dada mmoja aliyeko Uvira. Ameacha pia, kwa agizo la Mama, Bi Kwok Suk-Fong, aliyeketi safu ya pili pamoja na Eddie. Eddie hana hakika kama mama yake anafahamu haya ni mazishi ya nani. Nasi tulikaa na karatasi hii siku mbili tukitafuta neno la kumwandikia, mke wa nani, ndugu wa nani, jirani tu, na hatukulipata. Tumeandika jina lake.

Mwenyezi Mungu ampokee baba yetu, ampe pumziko lenye amani.