Fizi za Dereva Mstaafu

Mimi sina tabia ya kusikiliza maneno ya watu kwenye basi. Siku ile masikio yalikwenda yenyewe, mimi nilibaki dirishani.

Kwenye kiti cha mbele yangu alikaa dereva wa lori mstaafu, leso mdomoni kama aliyefiwa. Dada mmoja fundi cherehani aliyekaa naye akamuuliza, "Baba, jino?"

Mzee akashusha leso kidogo. "Fizi, mwanangu. Zimeota mpaka zinafunika meno. Najua hii ni saratani, hata mama watoto sijamwambia."

"Kwani unameza dawa gani?"

"Za presha."

Yule dada akacheka, nikamwona hana adabu. "Basi huenda ni hizo! Zangu za kifafa zilinifanyia hivyohivyo. Daktari akanibadilishia dawa, wa meno akanisafisha, kisha akanipiga ganzi akazipunguza zilizozidi. Tazama!" Akakenua. Meno yote yalikuwepo, mahudhurio kamili.

Mzee akashusha pumzi ambayo ingetosha kujaza tairi. "Kumbe bado nipo nipo! Basi leo hii dawa nazitupa."

"Thubutu! Presha itakumaliza. Nenda kwa daktari, yeye ndiye abadilishe."

"Niziache wiki moja tu, nione."

"Hata siku moja, baba!"

Leso ilikuwa imeshaingia mfukoni. Mzee alikuwa anabisha huku anacheka, fizi zote nje, na basi likasimama kituo cha mwisho.

Konda akanigusa bega. "Kaka, toa kidole kwenye fizi ushuke. Uliokuwa unawasikiliza wameshakwenda."