Somo la Asili ya Maneno Halifungwi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Ndugu Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wazazi wetu, wanafunzi wenzangu, na wewe Mwalimu wetu unayestaafu leo: shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nimeombwa niage kwa maneno matamu. Mtaniwia radhi, ulimi wangu leo una pilipili.

Siku ya kwanza ya somo la asili ya maneno, Mwalimu alituuliza, "Gepu ni nini?" Tukajibu kwa sauti moja, "Pengo!"

"Pengo la meno, la ukutani, au la umri kati yako na mchumba wako?"

Tukaangua kicheko. Ndipo akatuonyesha kwamba Waingereza hutumia neno hilo moja kwa nafasi ya jino lililong'oka, kwa njia ipitayo kati ya milima, na kwa umbali baina ya tajiri na maskini. Sisi tuna pengo, mwanya na ufa, na kila moja lina mahali pake. Akaeleza kwamba Waingereza walilipokea neno lao hilo kutoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, ambao kwao lilikuwa na maana ya shimo kubwa, tena lina undugu na kuachama mdomo.

Mwenzetu tunayemwita Wakili, kwa kupenda ubishi, akadakia, "Basi maana yake halisi ni mdomo wazi!"

Mwalimu akamkatiza, "Wee! Neno halifungwi na asili yake. Babu yako akiwa mwizi wa kuku, tukufunge wewe?"

Ndugu Mkuu wa Chuo, wiki iliyopita ulitangaza kwamba nafasi ya Mwalimu haitajazwa na somo lake litafutwa, kwa kuwa lilianzishwa kwa dharura tu, kuziba saa zilizobaki wazi kwenye ratiba. Ni kweli, lilianza hivyo. Nani anabisha? Lakini je, hilo si kosa lile lile la Wakili? Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mwaka wa kwanza!

Tumekataa. Jumatatu, saa ya kipindi, tutakuwa katika chumba kile cha ghorofani chenye dirisha lisilofungika. Mkibadilisha kitasa, tutasomea kwenye ngazi. Wakili atafundisha, Mungu atusaidie, mpaka mhadhiri aajiriwe.

Mwalimu, sitasema umeacha pengo lisilozibika. Hiyo ni faraja ya wasiotaka kuliziba. Linazibika, na wenye kalamu ya kuajiri wameketi mstari wa mbele.

Asanteni kwa kunisikiliza, hata ninyi mliokunja nyuso.