Namba Saba ya Mama Mengineyo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Kitengo cha Kufulia cha hospitali yetu, mwenzetu anayejulikana kuanzia getini hadi wodi ya mwisho kwa jina la Mama Mengineyo anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe thelathini Juni. Anaondoka akiwa na afya njema, meno yake yote na maoni yake yote.

Kwa wageni wetu wasiojua jina hilo lilikotoka: kila kikao cha wafanyakazi kina ajenda, na ajenda ya mwisho huitwa "Mengineyo". Hapo mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye neno, huku ameshafunga faili na ameshika funguo za gari. Kwa kawaida watu hutazama viatu vyao, kikao kinafungwa, kila mtu anakwenda kunywa chai. Mwenzetu ametuharibia utaratibu huo kwa miaka kumi na miwili mfululizo, na tunaomshukuru kwa hilo ni wengi kuliko ofisi inavyodhani.

Ofisi iliniomba wasifu huu uwe mfupi, uchangamshe, na usiingie kwenye mambo ya vikao. Nimejitahidi katika hayo mawili ya kwanza.

Aliajiriwa kama mkunjaji. Kukunja mashuka ya hospitali ni kazi ya watu wawili, kila mmoja ameshika ncha mbili, na ukipangiwa naye ulikuwa na bahati, maana vidole vyake vilikuwa vinajua shuka bichi kabla macho hayajaona. Kwa miaka kumi na tisa ya mwanzo tulimsikia akisema maneno machache tu: "abee", "vuta kidogo" na "hili bado bichi". Kwenye vikao alikaa kiti cha nyuma karibu na dirisha, kimya kama maji ya mtungi. Siku moja mumewe, ambaye ni fundi redio, alikuja kumchukua jioni, tukamsifia kwamba ana mke mpole asiye na maneno. Yule bwana akauliza kama tunazungumza habari za mtu yuleyule. Nyumbani kwake, alisema, taarifa ya habari haijawahi kufika mwisho bila kujibiwa.

Kisha akabadilika, na kila mtu akajitafutia sababu. Dereva wa gari la nguo anasema ni umri, kwamba mtu akishafika makamo breki za mdomo huisha. Mhasibu anasema watoto wake walikuwa wameshamaliza shule, kwa hiyo hakuwa na cha kuogopa. Vijana wa zamu ya mchana wanasema ni simu. Siku hizi kila mtu amezoea kutoa maoni, hata kuhusu harusi ya watu asiowajua. Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi anaamini mpaka leo kwamba kulikuwa na mkubwa fulani nyuma yake.

Nawaheshimu wote, ila wote wamekosea. Siku aliyoanza kusema, watoto wake wawili walikuwa bado shuleni, na mumewe alikuwa na wiki nzima anapiga miayo dukani bila mteja. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Alikuwa na kila sababu ya kuogopa, na aliogopa kwelikweli. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake siku hiyo.

Chanzo kilikuwa viti. Chumba chetu cha pasi kilikuwa na viti vinne vya mbao, tulivyokuwa tukikalia kwa zamu wakati pasi kubwa ya mvuke inapata moto. Katika kikao cha mwezi Meneja alitangaza kwamba viti vinawafanya watu walegee, na vitaondolewa. Akauliza kama kuna mwenye neno. Tukapiga kimya. Lakini kilikuwa kimya cha hasira, na mwenye macho angekiona: mmoja kakunja uso, mwingine kageukia dirishani, mwingine anasaga meno. Meneja akatabasamu, akasema, "Naona tumeelewana." Kwenye muhtasari ikaandikwa kwamba wajumbe wote waliafiki. Kesho yake viti vilikuwa stoo.

Haikupita muda mrefu, mpiga pasi mmoja mjamzito aliyekuwa amesimama tangu asubuhi aliona giza, akaiangukia pasi. Mtoto hakudhurika, na sasa amekuwa mkubwa, ananishinda kwa kula. Mkono wa kushoto una alama mpaka leo, na ndio ulioshikilia karatasi hii ninapoandika. Mpiga pasi huyo ni mimi.

Kikao kilichofuata kilikwenda kama kawaida mpaka kwenye Mengineyo. Meneja alikuwa ameshachukua funguo zake. Ndipo mkono ukainuka kutoka kiti cha nyuma, na mwenye mkono akasimama.

"Mwezi uliopita nilinyamaza," alisema. "Kile kimya kilikuwa changu, na kilikuwa kinasema hapana. Naomba kujua nani amekigeuza kikawa ndiyo."

Meneja akafungua faili lake, akalifunga tena. Mwenzetu akamalizia, "Basi kimya changu siwapi tena. Hamjui kukitumia." Akakaa.

Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini watu siku hizi wanasema yaliyo moyoni asihangaike na umri wala simu. Maoni mwenzetu alikuwa nayo siku zote, muulizeni mumewe na redio zake. Alichogundua siku ile ni kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kumewekwa kama sahihi yake chini ya jambo asilolitaka. Mtu akishaligundua hilo, atalala vipi usingizi? Mimi nasema hivyo kwa sababu lilinipata na mimi, na sidhani kama tulikuwa wawili tu.

Jibu la ofisi lilikuja upesi. Kutokana na kile kilichoitwa mahitaji ya kazi, alihamishiwa chumba cha kupokelea. Wageni wetu wasidanganywe na jina, hakuna anayepokelewa mle kwa tabasamu. Ndipo mashuka yanapofika kutoka wodini na chumba cha upasuaji, yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, pamoja na sindano zilizosahauliwa kwenye mikunjo. Alikaa mle miaka miwili. Katika siku hizo ndipo Meneja alipombatiza Mama Mengineyo, mbele ya watu, kwa kejeli. Yeye akaitikia "abee" kwa sauti yake ileile ya zamani, na tangu hapo ukimwita kwa jina jingine hageuki.

Kuhamishwa hakukumnyamazisha. Kikao cha pili alizungumzia viti kwa kirefu. Cha tatu alifupisha. Cha nne alisimama, akasema "Viti", akakaa, watu wakavunjika mbavu. Wapo waliomwonya kwamba anajitafutia kufukuzwa, na wapo waliohamisha vikombe vyao vya chai ili wasionekane naye meza moja. Hilo lilimuuma, aliniambia mwenyewe, kuliko harufu ya chumba cha kupokelea. Kikao cha tano, Meneja alipotamka tu "Mengineyo?", kabla Mama hajainuka, dereva wa gari la nguo akasema, "Viti." Akafuata mfuaji mmoja, halafu wa pili, na mara chumba kizima kilikuwa kinasema neno hilo moja, mpaka Meneja akaziweka funguo zake mezani. Viti vilirudi wiki hiyohiyo. Kikao cha sita Mama Mengineyo alisimama akashukuru kwa niaba ya wote, halafu akaongeza kwamba kimoja kina mguu mbovu.

Asije mtu akadhani tunamuaga malaika. Ana kichwa kigumu, na amewahi kukosea kwa sauti kubwa. Ilipoletwa mashine mpya ya kufulia aliipinga vikao viwili, akidai itatafuna mashuka yote. Mashine ikafua vizuri kuliko zile za zamani. Akasimama kwenye Mengineyo, akasema, "Ile mashine niliisingizia. Naiomba radhi." Meneja alicheka mpaka akatafuta leso. Sare mpya za rangi ya njano alisema zinatufanya tuonekane wagonjwa waliotoroka wodini. Mwaka jana, kwenye sherehe ya kufunga mwaka, alitangaza kwamba keki ilikuwa kavu, na aliyeoka ile keki bado anaikumbuka siku hiyo kila anapovunja yai. Keki ilikuwa kavu kweli.

Lakini hesabu zikifanywa, glovu nene za chumba cha kupokelea zimetokana na mdomo wake. Feni mbili za chumba cha pasi pia. Utaratibu wa wajawazito kufanya kazi za kukaa ni wake, na kila nikimwona mwenzangu mwenye tumbo ameketi anahesabu foronya, moyo wangu hujaa. Hata Meneja hakupona. Miaka mitatu iliyopita alirudi kutoka kikao cha wakubwa akiwa ameng'aa uso, akatusimulia kwamba ilipofika Mengineyo aliinua mkono akatuombea viatu vya mpira, na wakubwa wakanuna, na viatu vikatoka. Tulimpigia makofi. Mama Mengineyo alipiga makofi kuliko sisi sote.

Ndiyo maana tangazo lililobandikwa ubaoni wiki iliyopita limetukata maini. Linasema kwamba kuanzia mwezi ujao, ili kuokoa muda, ajenda ya Mengineyo imeondolewa, na mwenye maoni ayaweke kwenye sanduku la maoni. Sanduku lenyewe mnalijua, ni lile la karibu na choo, ambalo ufunguo wake ulipotea zamani na ndani yake anaishi buibui. Tunafahamu kwamba Meneja anabanwa na walio juu yake. Tunafahamu pia kwamba tangazo limesubiri mtu mmoja astaafu. Nilipompelekea habari, Mama alikuwa anakunja shuka lake la mwisho. Alisema, "Kwenye sanduku hamna mtu wa kukutazama usoni," akanipa ncha mbili nivute.

Mkigeuza ukurasa mtaona ratiba ya leo. Namba ya kwanza hadi ya sita zimechapwa vizuri: kukaribisha wageni, chakula, zawadi, neno la mstaafu, neno la Meneja, picha. Namba saba imeandikwa kwa kalamu. Niliipeleka ofisini mara mbili ikiwa imechapwa, ikarudi mara mbili ikiwa imefutwa. Kwa hiyo jana, wakati mashine zinazunguka, tuligawana nakala tukaiandika kwa mikono yetu, wafuaji, wapiga pasi, wakunjaji na dereva wa gari la nguo, kila mmoja kwa mwandiko wake. Aliyepata nakala yenye mwandiko mbaya amepata ya dereva.

Mama, tunakushukuru kwa kila shuka ulilolirudisha kwa sababu lilikuwa bichi, na kwa kila kikao ulichotuchelewesha chai. Tunakuombea miaka mingi ya kuamka bila kengele, wajukuu wa kubishana nao, na mume mwenye subira. Taarifa ya habari nayo tunaiombea huruma yako.

Kiti utakachokalia leo si cha ukumbini. Kimeletwa kutoka chumba cha pasi, ni kile cha mguu mbovu, na kimeshatengenezwa. Tunajua ukisikia neno "Mengineyo" mkono wako utataka kuinuka wenyewe, umezoea. Uzuie. Tumekwisha kupangana nani ataanza na nani atafuata, na mimi ndiye wa kwanza. Ikifika namba saba, Mama, wewe kaa tu.