Rangi ya Ndoo

"Yule mama anayedeki ofisini kwetu ni kiboko," karani alimwambia abiria aliyekaa naye ndani ya treni. Nyuma yao, fundi saa alijifanya amesinzia. Umbea huingia vizuri zaidi macho yakiwa yamefumbwa.

Karani alisimulia kwamba tapeli mmoja aliwapigia wafanyakazi simu akijidai ni fundi wa kompyuta wa kampuni, akawaomba namba za siri zilizoingia kwenye simu zao. Wasomi wote wakazitaja, na simu zao zikatekwa. Mama peke yake ndiye aliyemuuliza, "Kama kweli unatoka kwetu, ndoo yangu ya kudekia ina rangi gani?" Tapeli akakata.

"Jioni bosi naye akampigia kwa simu ya mkewe, maana ya kwake imetekwa. Akaulizwa ndoo, hakujua. Mama akamkatia!"

"Amkatie bosi? Huo ni utovu wa adabu."

"Adabu gani, dada? Miaka sita bosi anairuka ndoo hiyo mlangoni kwake! Siku hizi anasimama, anaitazama vizuri, ndipo anamsalimu mwenye ndoo."

"Angekuwa wangu, ningemfukuza."

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Fundi saa uzalendo ukamshinda, akafumbua macho. "Samahani, mwanangu. Ndoo yenyewe ina rangi gani?"

Karani akakumbatia mkoba wake, akamkagua kutoka kofia hadi viatu.

"Mzee wangu," alisema akiinuka, "hata mimi nimefunzwa na yule mama."

Milango ikafunguka.