Daftari la Penseli

Sogezeni viti, wanangu, na hiyo redio izimeni, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushindana na mtangazaji. Mchungaji na wazee wa baraza la kanisa wako njiani kuja kuniombea. Kaka yenu mkubwa, ambaye sasa ni katibu wa baraza kama nilivyokuwa mimi, amewaambia wazee hao juzi kwamba daftari lipo. Kwa hiyo najua hawaji kwa maombi tu.

Ya nyumba ni mafupi. Mama yenu hatoki humu mpaka atake mwenyewe, na taipureta yangu apewe mjukuu atakayeacha kuicheka. Makabati msiyagombanie, hata milango yake haifungi.

Sasa lisikilizeni lililonikaba. Miaka kumi na tisa iliyopita, binti wa mama aliyekuwa akifagia kanisa alisimama mbele ya baraza letu, ana miaka kumi na minne, akasema mwalimu wa kwaya amemfungia stoo ya vyombo vya muziki na kumbaka. Tulikuwa tumetoka kujadili rangi ya mabenchi kwa saa mbili. Tukabishana nusu saa nzima, maneno ya mtoto huyu yaingie chini ya kichwa gani. Mmoja akasema, "Nidhamu ya kwaya." Mwenyekiti akasema, "Aa, weka kwenye Mengineyo, patakuwa na amani zaidi." Mhazini akamgeukia: "Binti, mbona hukupiga kelele?" Akajibu, "Nilipiga, mzee. Kwaya ilikuwa inaimba."

 Tukaomba, tukafunga kikao. Mwalimu akapewa barua ya kuhamia kanisa la mji mwingine, "mtumishi mwaminifu", na muhuri juu yake. Binti akaambiwa apumzike kuimba.

Kazi ya katibu ilikuwa hivi: unaandika kwa penseli watu wakisema, ukifika nyumbani unanakili kwa wino yale yanayofaa, mwenyekiti anasaini, ya penseli unachoma. Kwa wino, kwa ule mwandiko mliokuwa mkiusifia, niliandika: "Mengineyo: hakukuwa na jambo." Ya penseli sikuyachoma. Msinivishe ushujaa ambao sikuwa nao. Niliogopa siku moja wenzangu watanigeuzia kibao, nikajiwekea kinga.

Huko alikohamishiwa mwalimu yule, wasichana wengine wawili wamesema aliwafanyia vivyo hivyo. Siku ya Jumanne mpelelezi wa polisi, yule mama mwenye miwani, alikwenda ofisi ya kanisa kuuliza, akaonyeshwa kitabu cha wino. Binti yule, leo mtu mzima, naye amekwenda polisi, lakini anaitwa mwongo kwa maandishi yangu mimi, na leo jioni jalada lake linafungwa kwa kukosa ushahidi.

Kaka yenu ameniambia asubuhi, "Baba, utalivua kanisa nguo." Mwanangu, aliyevuliwa nguo ni mtoto. Na usinikatize, nikinyamaza sitaanza tena.

Kitinda mimba wangu, inua godoro upande wa ukutani. Ndilo hilo. Kila ukurasa nimeutia saini upya; mwandiko umepinda lakini ni wangu. Mpe kwanza binti yule alisome, maana ni maneno yake, kisha mfuatane kwa mpelelezi. Jina langu limo kote kuwili, kwenye penseli na kwenye wino. Msilifute, wala msiseme baba alilazimishwa. Mwenyekiti aliniuliza tu kama wino upo, nikasema upo.

Wakikataa kunizika, nizikeni wenyewe. Sitalalamika.

Gari hilo... limesimama hapa? Basi pita jikoni, binti yangu, haraka. Mwanangu mkubwa, mbona umeuziba mlango wa jikoni? Wageni wanaingilia huku mbele. Unafanana nami siku ile, nimekaa, nimenyamaza, naona kila kitu. Sikuombi utoe ushahidi. Sikuombi uwatukane wazee wako. Sogea tu, dada yako apite.

Wanagonga. Waacheni wagonge. Macho yameingia ukungu, niambieni... amesogea?

Haya. Nimesikia komeo la jikoni. Mungu akutangulie, binti yangu, na wote mliokaa hapa awape... awape ulimi usioogopa. Wageni waingie sasa. Mwenyekiti aanze, nina neno naye.

Nishike mkono, mwanangu. Si nyie, yeye... yeye aliyesogea. Mungu akubariki... kwa hatua hiyo moja. Mimi ilinishinda.